Kuhamia Dodoma na Ahali

Waislamu wana tarehe yao, na tarehe hiyo haikuanzia siku aliyozaliwa Mtume, wala usiku aliposhukiwa na wahyi katika pango la Hira, wala siku ulipofunguliwa mji wa Makka; ilianzia mwaka 622 kwa hesabu ya Kizungu, mwaka ambao watu wachache walioonewa katika mji wao walifunga mizigo, wakawachukua walioweza kuwachukua katika ahali zao, wakauhamia mji mwingine. Sayyidna Umar, ambaye hesabu hiyo iliwekwa katika zama za ukhalifa wake, hakukosa mambo makuu ya kuchagua kuwa mwanzo wa miaka, naye akachagua kuhama. Aghalabu tunapozisoma habari za Hijra tunazisoma kama habari za imani na ushujaa, na ndivyo zilivyo. Walakini twapita upesi juu ya jambo lililo dogo kwa sura na zito kwa walibebao, nalo ni kuwa watu wale walikuwa na wake na watoto, na vyungu, na madeni, na majirani waliowaacha nyuma, na kwamba walipofika Madina walikuta maji ya ladha nyingine na hewa ya namna nyingine, wakaugua homa.

Imepokewa kuwa Abu Bakr na Bilal walikuwa miongoni mwa walioshikwa na homa hiyo, na kwamba Bilal, kila ilipompungua, aliinua sauti akaimba shauku ya mabonde ya Makka na ya majani yaotayo huko, kana kwamba hakukuwa na majani popote pengine duniani. Mtu huyu aliteswa Makka, alilazwa juu ya mchanga wa moto akawekewa jiwe kifuani, na kama palikuwa na mtu mwenye sababu ya kuusahau mji ule ni yeye. Naye alilala kitandani Madina, mji uliompokea kwa heshima, akayalilia majani ya Makka. Jambo linalonituliza katika habari hii ni jawabu la Mtume alipoelezwa hali yao. Hakuwakemea kwa kukosa shukurani, wala hakuwaambia wasahau. Aliomba dua kuwa Madina ipendwe nao kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Basi mapenzi ya mahali papya yaliombwa kama riziki iombwavyo, kwa kuwa mtu hawezi kuyachuma kwa amri ya moyo wake.

Nayaandika haya nikiwa Dodoma, mji ambao watu wengi waliomo wamekuja kwa barua. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuwa makao makuu ya serikali yaondoke Dar es Salaam yaje katikati ya nchi, na mwaka huohuo ikaundwa mamlaka ya kuyastawisha; mwaka 1976 mpango mkuu ulikuwa umekwisha kuchorwa na wataalamu kutoka Toronto, mpango wa vitongoji ambavyo watu wangekwenda kwa miguu au kwa basi, wala wasiwe watumwa wa motokaa. Kisha ikapita miaka arubaini na ushei ya kusema tutahamia. Watu walizaliwa, wakasoma, wakaajiriwa wizarani na wakastaafu, na neno likawa ni hilohilo, hata ikawa mtumishi wa serikali kumwambia mkewe kuwa huenda wakahamia Dodoma ni mzaha wa jioni. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza, na safari hii mzaha ukaisha: Waziri Mkuu alihamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais akafuata mwaka 2017, wizara zikaja na makabati yao, na mwezi wa Aprili mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji huu na watu 410,000 hivi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 760,000. Katika nyongeza hiyo yumo mke wangu, wamo wanangu, yumo mama yangu mzazi, nimo na mimi, watu wa Pangani tuliokwisha kupahama Pangani mara moja kwa ajili ya Dar es Salaam na tukadhani kuhama kwetu kumekwisha.

Serikali, niseme kwa haki, ilifanya yaliyo katika uwezo wa serikali. Ilipima viwanja, ilitandaza lami, ililipa posho ya uhamisho, iliinua majengo ya wizara huko Mtumba mahali palipokuwa pori la migunga. Lakini kuna mambo ambayo hayamo katika waraka wowote wa uhamisho. Nchi hii iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari; mvua yake, ambayo kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufungwa kabisa, na miezi inayofuata ni ya jua, upepo na vumbi jekundu liingialo katika kila kitu chenye tundu. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku huwa wa baridi ambayo mtu wa pwani hakuleta nguo yake. Maji ya visima yana chumvi, na sabuni hukataa kutoa povu mpaka mfuaji akasirike. Na samaki, kwa sehemu kubwa, ni wa bwawa la Mtera, perege na kambale, samaki wazuri kwa aliyezaliwa akiwala. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alinunua changu na tasi kwa wavuvi anaowajua baba zao, aliwatazama, akawanusa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hawa wametoka matopeni," akawarudisha kwenye beseni la mchuuzi.

Wanawake wa umri ule huhuzunika kwa namna ya pekee wahamapo. Mimi nilikuwa na ofisi, na ofisi ni ileile popote iwekwapo, na watu waliomo ni walewale waliokuwamo, na porojo zao hazikubadilika kwa kuvuka mto Ruvu. Watoto walikuwa na shule, na watoto, kama ijulikanavyo, huhama kwa wiki chache. Walirudi nyumbani wakiamkiana *mbukwenyi* kwa lafudhi ya Kigogo na kumcheka baba yao kwa kuwa hakujua kuitikia. Mke wangu alipata kazi. Mama alikuwa na ukuta. Nyumba tuliyopanga ilikuwa katika mitaa mipya, na mitaa mipya imejengwa kwa kuogopana: kila kiwanja kimezungushiwa ukuta uliopita kimo cha mtu, juu yake vipande vya chupa, na mbele geti la chuma lisiloonyesha hata nyayo za apitaye. Sisi tuliokulia katika miji ya pwani tumezoea nyumba yenye baraza iliyogeuzwa uso njiani, ambayo si ya mwenye nyumba peke yake, kwani mpitaji akichoka huketi, na mwenye nyumba akitoka humkuta na kumuuliza habari za nyumbani; kwa hiyo mgeni ajapo mtaani, hata asipotaka kujulikana, baraza humjulisha. Waliochora mpango wa mwaka 1976 walitaka mji wa watu waendao kwa miguu, na yamkini walifikiri kuwa waendao kwa miguu watasalimiana. Hawakuliona geti. Simlaumu aliyelijenga, maana wezi wapo. Nasema tu kwamba ukuta humzuia mwizi kwa usiku mmoja na jirani kwa mwaka mzima.

Katika siku hizo nilikuwa nikimkumbuka Shaaban Robert. Mtu yule wa Vibambani, karibu na Tanga, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kazi ya ukarani ilimpeleka Pangani kwetu, na katika miaka ya 1940 ikampeleka Mpwapwa, katika idara ya mifugo, ambako leo ni ndani ya mkoa huu wa Dodoma. Basi miaka sabini na zaidi kabla yetu, mwana wa bahari alikuwa ameipanda nchi hii ya migunga kwa sababu ileile iliyotuleta sisi, yaani barua yenye muhuri. Wasomi wameandika mengi juu ya falsafa yake na adili yake. Mimi nimemwonea wivu kwa jambo la kidunia zaidi, kwamba kazi ilipomrudisha Tanga alirudi, na kaburi lake liko Machui. Uhamisho wake ulikuwa na mwisho. Wetu ni wa mji mzima kuhama, na mji uliohama hauna tena ofisi ya kumrudishia karani wake, hivyo haitupasi kukaa Dodoma kama watu wangojao treni.

Jirani wa kwanza kutufungulia geti alikuwa mzee wa Kigogo ambaye kiwanja chake kilikuwa cha zamani kuliko mtaa wenyewe. Nilipokwenda kumwamkia, nikiwa nimejiandaa kwa maneno ya mgeni anayeomba radhi kwa wingi wa wenzake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisimulia habari zake kwa utaratibu wa mtu asiyetaka kumshinda mwenziwe kwa huzuni. Yeye pia alihamishwa. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, aila yake iliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika, kila boma na tembe lake na zizi lake, ikaletwa katika kijiji cha ujamaa ambako nyumba zilipangwa mistari. Na baba yake, aliyejua kila mbuyu wa mahali pale pa kwanza na mkosi au baraka ya kila mmoja, aliishi miaka iliyobakia akizungumza habari za ng'ombe kana kwamba bado wamo katika malisho yale. Baadaye mji ukapanuka. Mamlaka ya makao makuu ikaja na wapimaji, na shamba la uwele likawa namba za viwanja. Malalamiko ya ardhi ya namna hiyo yalirundikana katika Dodoma yote kwa miongo minne, na yalikuwa miongoni mwa sababu za mamlaka ile kuvunjwa mwezi wa Mei mwaka 2017. Alipofika hapo alinyoosha mkono akaniashiria mahali, na mahali hapo, kwa kadiri nilivyoweza kukisia, palikuwa jikoni kwangu.

Ni jambo la kufikiriwa na kila ahamaye, kwa kuwa mhamiaji ana tabia ya kudhani kwamba yeye ndiye atembeaye na nchi ndiyo iliyotulia. Peter Rigby, aliyekaa na Wagogo akaandika kitabu juu ya ng'ombe na undugu wao, kilichotoka mwaka 1969, alionyesha kuwa koo zao nyingi husimulia asili yao kutoka kwa majirani wa pande zote, Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko, wakakutana katika nchi hii kavu wakawa watu mmoja. Wangapi katika sisi wa pwani twaweza kusimulia vingine? Nyumba zetu zimejaa masharifu wa Hadharamaut, na Washirazi wa majahazi saba, na mabibi wa bara ambao majina yao yalifutwa, na bado kila mmoja wetu hujiita mwenye mji kwa kinywa kipana. Mzee yule hakuniambia lolote katika haya. Alinipa kiti, akaagiza uji, na tulipoagana aliniuliza kama mama yangu anakula mlenda.

Swali hilo ndilo lililoanza kazi ambayo posho haikuiweza. Katika habari za Madina kuna mtu ninayempenda kuliko wote, naye ni Abdurrahman bin Auf. Mtume alipowaunga udugu Muhajirina na Ansari, mmoja kwa mmoja, Abdurrahman aliunganishwa na Saad bin Rabii, tajiri wa Madina, naye Saad akamwambia kuwa atamgawia nusu ya mali yake. Sijui ukarimu ulio mkubwa kuliko huo, na Abdurrahman alimwombea Mungu ambariki katika ahali yake na mali yake, kisha akaomba kitu kimoja: aonyeshwe soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qainuqaa, akaenda akauza na kununua, akarudi jioni na samli na jibini. Haukupita muda akaonekana ana athari ya manukato ya harusi, akaulizwa, akasema ameoa mwanamke wa Kiansari. Watu huisimulia hadithi hii kusifu bidii ya kazi. Mimi naisoma vingine. Naona kuwa mtu yule alifahamu kwamba nusu ya mali ya mwingine, hata itolewe kwa mapenzi safi, ingemweka katika ugeni daima, kwa sababu apokeaye hana budi kuendelea kushukuru. Sokoni mtu hashukuru, hubishana bei, hupunjwa, hurudi kesho, na kwa kubishana huko jina lake hujulikana.

Mama alitaka kuonyeshwa soko. Bintiye mzee yule, mama mwenye wajukuu, alimpeleka soko la Majengo asubuhi moja, na tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kumkalisha ndani ya ukuta. Aligundua kuwa nazi hufika kwa malori, ghali lakini hufika. Aligundua zabibu, ambazo Wagogo na wamisionari wamezistawisha katika mchanga huu kwa miaka mingi, na ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, akazila mbichi kwa mshangao wa mtu aliyezijua katika visa vya pepo tu. Mlenda ulimshinda mwanzoni; aliuita kwa jina ambalo siliandiki. Kisha akajifunza kwa yule mama namna ya kupika mlenda uliokaushwa ukatwangwa, pamoja na karanga, akaanza kutia tui la nazi, kitendo ambacho kililifanya jiko la jirani zima lije kutazama, wengine kwa hamu na wengine kwa kitisho, na hadi leo hawajapatana kama kile alichokipika ni mlenda.

Lakini hayo yote, nazi na zabibu na mlenda, bado ni mambo ya mgeni anayefurahi, na furaha ya mgeni huweza kuondoka naye. Kilichotufanya kuwa watu wa hapa kilikuja kwa njia ya dai. Alifiwa mtu wa mtaa wa nyuma, Mkristo wa kanisa la Anglikana, ambaye sisi tulimjua kwa sura na kwa salamu za njiani, na kabla ya alfajiri mjumbe wetu aligonga geti. Hakubisha kwa haya ya mtu anayeomba. Alisema, mama yenu ana masufuria makubwa, tunayataka, na mwiko, na yeye mwenyewe aje kwani wapishi ni wachache. Na wewe karani, njoo na kalamu, utakaa kwenye daftari la rambirambi. Kisha akaenda zake kugonga geti la pili, wala hakungoja kujibiwa, maana hakuwa na shaka juu ya jawabu.

Nikakaa kutwa nzima chini ya turubai na daftari, nikiandika jina na kiasi, jina na kiasi, na kila aliyekuja ilimlazimu kunitajia jina lake na mahali atokapo na uhusiano wake na marehemu. Kufikia alasiri nilikuwa nimeujua mtaa kuliko nilivyoujua kwa miezi yote ya kuishi ndani yake, nani ni shemeji wa nani, nani amegombana na nani hata huleta mchango wake kwa mkono wa mwingine. Mama alikuwa kwenye moshi pamoja na wanawake ambao hakujua lugha yao ya nyumbani, akiamrisha. Nilimwona kwa mbali akimnyang'anya mtu mwiko. Ukarimu wa mwenyeji, ambao sisi Waswahili twausifu sana na kuuimba, humheshimu mgeni kwa kutomtaka chochote, na heshima hiyo kwa siku zake ni njema. Walakini ikirefuka sana huwa ni mlango uliofungwa kwa adabu. Wahenga walipotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakuwa wachoyo wa chakula, kama wachekeshaji wanavyofasiri, bali walimwondolea aibu ya kukaa tu.

Baada ya msiba ule madai hayakukoma, na sitayahesabu: mchango wa taa za njiani, mchango wa ulinzi, harusi za watu nisiowajua na za watu ninaowajua mno, kikao cha serikali ya mtaa juu ya mtaro wa maji ya mvua ambamo kila mmoja alisema na hakuna aliyesikilizwa. Nilijisikia nikisema humo kwa hamaki juu ya mtaro huo, nikitumia maneno "hapa kwetu", na mzee wa Kigogo, aliyeketi mbele, hakugeuka kutazama ni nani. Nimefikiri baadaye kuwa mgeni husifu. Hana budi kusifu. Husifu chakula, husifu hali ya hewa, husifu hata barabara. Kulalamika ni haki apewayo mwenye mji, naye hapewi kwa siku maalumu wala kwa kibali, huisikia tu imo kinywani mwake, na watu wakaiacha ipite.

Treni ya umeme ilipoanza kuja mwaka 2024, ikaifanya safari ya kutoka Dar es Salaam kuwa ya muda usiozidi saa nne hivi, nilimwambia mama kuwa sasa aweza kwenda pwani atakapo, akae hata mwezi, ale samaki wake. Akaenda kwa dada yangu. Akarudi kabla ya wakati aliouahidi, kwa sababu, alisema, kulikuwa na maulidi ya mtaani na masufuria yake yalikuwa huku. Juzi alirudi kutoka Majengo amekasirika, akaweka kikapu chini, akamwambia mke wangu bei ya fungu la nyanya, akaapa kuwa hakupata kuiona bei kama ile tangu aingie Dodoma, na alipoulizwa ni nini sababu yake alijibu bila kusita kuwa ni hawa wageni, hawa wanaoteremka kwenye treni kila siku kutoka Dar es Salaam, wananunua bila kuuliza bei, wametuharibia soko letu.